Mfereji wa Ukweni

Habari ya kufa kwa mzee Odera ilinikuta nimelala chali chini ya sinki, spana mkononi, shati limelowa hadi kifuani. Mwanawe alipiga simu kutoka kwao kando ya ziwa, akasema mzee amepumzika na watamzika Jumamosi. Nilimpa pole, nikauliza yale yanayoulizwa, kisha nikarudi chini ya sinki kwa sababu maji hayangoji matanga. Mfereji niliokuwa nikiung'oa nilikuwa nimeuweka kwa mikono yangu kabla ya Krismasi. Ulikuwa wa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na shingo yake ilikuwa imekatika bila mtu kuigusa. Ule wa kabla yake haukumaliza mwaka. Wajukuu wangu hunicheka ninapogombana na vitu hivi. Huniambia, "Babu, si ununue mwingine, ni rahisi tu," na mimi hujibu kwamba rahisi huvunja upishi, nao huangaliana kama watu waliousikia wimbo huo mara nyingi mno. Siwalaumu. Wanadhani ubovu huu ulianza juzi. Mimi naujua tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, siku za mkoloni, nikifanya kazi ya mabomba kwenye shamba moja kubwa la majani chai upande wa Kericho, na mwaka huo mfereji mmoja wa bei rahisi nusura unikoseshe mke.

Tulikuwa mafundi wawili wa maji katika shamba zima, Odera na mimi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, alinizidi miaka kumi hivi, na kila mtu alimwita mzee kwa sababu ya kipara. Tuliishi chumba kimoja cha laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi: vitanda viwili, jiko la makaa, dirisha la ubao, na katikati meza moja ambayo hatukuwahi kula chakula juu yake kwa sababu ilijaa vyuma. Mifereji ya zamani, vali, vipande vya bomba, vyote vimeng'olewa kwenye nyumba za wazungu zilizobomolewa, vimesuguliwa, vimepakwa grisi na kufungwa kwa magunia. Ugali tuliulia magotini. Odera alikuwa akiletewa samaki mkavu na watu wa kwao, nami, mtoto wa maziwa, nilimwambia kila jioni kwamba siwezi kumla nyoka huyo. Alinijibu kwamba mtu anayekunywa maziwa yenye majivu hana mdomo wa kusema. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikiung'ata mkia wa yule samaki na kunyamaza, na sijui kama kwetu wamewahi kuambiwa.

Mwaka ule stoo ya shamba ilianza kupokea mifereji mipya. Ilikuja kwenye visanduku vya karatasi, inang'aa hata ukijitazama unauona uso wako, na karani wa stoo aliipanga kwenye rafu kwa fahari. Odera alichukua mmoja, akaupima kiganjani, kisha akachukua wa zamani mkono wa pili. Akagonga wote kwa kijiko. "Sikia, Kiprono," akaniambia. "Hii ya zamani inalia. Hii mpya inakohoa tu. Hii chuma iko na ugonjwa." Karani alicheka, na mimi pia nilicheka kidogo, kwa kuwa nilipenda vitu vipya. Haukupita mwezi wa tatu kabla ya kuanza kukimbizana. Asubuhi tunaitwa nyumba ya meneja, mchana hospitali ya shamba, alasiri kwenye laini, na kabla hatujarudi chumbani mtu mwingine anatungoja mlangoni akisema mfereji wa kwao unavuja. Tulibadilisha mpya kwa mpya. Nilianza kutembea haraka hata siku ya kupumzika, na nikiketi mahali, sikio langu lilitafuta maji. Ugonjwa huo sijapona mpaka leo. Siwezi kuketi kanisani kama gata ya paa inadondosha maji.

Miguu hiyo isiyotulia ndiyo iliyokuwa ikinipeleka kijiji cha Boito kila Jumapili ya pili. Huko alikuwako Chebet, mchumba wangu. Koito, ile sherehe ya kuposa, ilikuwa imeshafanywa, wazee wa kwetu na wa kwao walikuwa wameketi na kukubaliana, na arusi ya kanisani ilingoja tu neno la mwisho. Baba yake, Arap Rono, alinipenda kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mambo mapya. Alikuwa na ng'ombe wa kizungu wawili na alikuwa wa kwanza pale kuezeka kwa mabati. Shida ilikuwa mdogo wake, Arap Sang, baba mdogo wa Chebet. Huyo alinitazama kama mtu anayenunua ng'ombe asiyemtaka. Alisema mbele ya watu kwamba mtu wa laini hana boma, kazi yake ni ya mzungu na mzungu akiondoka naye ataondoka na nyundo yake. Alikuwa na mtu wake, mwalimu wa shule mwenye baiskeli. Na neno la baba mdogo katika boma lile halikuwa la kupuuzwa. Yeye akikataa, wazee wengine wangerudi nyuma.

Basi nikataka kumziba mdomo kwa kazi yangu. Nilimwambia Arap Rono nitaleta maji kutoka chemchemi iliyo juu ya boma mpaka ndani ya jiko la mama. Hakukuwa na jiko la namna hiyo Boito nzima. Mama yake Chebet alikuwa akishuka mtoni tangu alipoolewa, mtungi mgongoni, na njia ya kupanda kurudi ilikuwa mbaya hata kwa mbuzi. Odera aliposikia, alifungua gunia lake akanitolea mfereji wa shaba, mzito, mweusi kwa uzee, uliotoka bafuni kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao. "Weka hii kwa wakwe zako," akasema. "Wewe utakufa, mimi nitakufa, hii itabaki." Nilimshukuru, nikauweka chini ya kitanda. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwetu, kitu cha ukweni hakiwi kilichotumika. Blanketi la mama mkwe linatoka dukani na karatasi yake. Sukari inatoka na mfuko wake. Niliwaza Arap Sang akisimama mbele ya mfereji ule mweusi na kuuliza mbele ya watu, hiki kimeokotwa wapi? Pengine angesema nimeiba kwa mzungu. Nikaenda Kericho, duka la vyuma la Mhindi mmoja, nikaomba mfereji mpya. Yule mzee wa watu alinionya. Alisema, "Fundi, hii nauza kwa sababu ile ya zamani haiji tena. Lakini mimi nyumbani naweka ya zamani." Nilikwisha kuuona uso wangu kwenye ule mpya, nikauchukua.

Lazima nieleze jambo moja ambalo wajukuu wangu hawaliamini. Siku zile mtu na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kutoonana. Sikuingia nyumbani mwake, sikumwangalia usoni, sikumpa mkono, na tukikutana njiani mmoja wetu aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Maneno yalipitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo jiko lile nililiwekea maji bila kuliona. Nilitoboa ukuta wa udongo kwa nje, nikaufunga mfereji kwenye kipande cha bomba nikiwa huko huko nje, kisha nikavisukuma vyote ndani kupitia tundu, huku Chebet akinielekeza kutoka ndani. "Kulia kidogo. Umepita. Rudi." Nikasikia sauti nyingine nyuma yake, ya chini, ya mtu aliyefunika mdomo: "Mwambie auinue, sufuria kubwa ipite chini." Nikauinua. Maji yalipofika nilisikia yakigonga bati la sufuria, na ndani yule mama akacheka. Kicheko cha msichana kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikandika lile tundu kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ndani na nje, likawa laini hata usijue palitobolewa. Nilirudi shambani siku hiyo karibu nikiimba.

Jumapili zilizofuata niliketishwa chini ya ukingo wa paa, kwenye kigoda, mgongo wangu ukielekea ukuta wa jiko. Nililetewa mursik, yale maziwa yetu yenye majivu, kwenye kikombe cha bati, ugali wetu wa kimyet, na mboga iliyolala kwenye maziwa. Arap Rono aliongea juu ya miche ya chai. Arap Sang alikuja, akala, akauliza kama mzungu bado hajaondoka. Na nyuma yangu, ndani ya jiko, mama aliimba nyimbo za kanisa. Aliimba tangu nilipoketi mpaka nilipoinuka, kwa sauti kubwa, na mimi nilijisifu moyoni kwamba nimemletea mama wa watu furaha. Ilikuwa Jumapili ya tatu au ya nne alipofika mwisho wa ubeti akavuta pumzi, na katika pumzi ile nikasikia. Ti. Ti. Ti. Tone juu ya maji yaliyokwisha kujaa chomboni. Akaanza ubeti mwingine haraka, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia, nikakiweka kikombe chini. Chebet aliponisindikiza mpaka njiani nilimwuliza kama mfereji unavuja. "Nani amekuambia?" akasema, akitazama vidole vya miguu yake. "Mfereji wako hauna shida."

Kama angesema unavuja, ningejua la kufanya. Lakini mtu akishaambiwa kazi yake ni nzuri, hawezi kubisha ukweni. Kuung'oa kwa nje ningelazimika kuubomoa ukuta aliokandika mama, mbele ya boma lote, na Arap Sang angeleta kigoda chake aje atazame. Kwa ndani ilikuwa kazi ya spana moja na nyuzi chache za katani, lakini ndani sikuruhusiwa. Nilizunguka na jambo hilo wiki mbili. Nikiwa juu ya paa la kiwanda nalisikia lile tone. Nikiwa kwenye laini nafunga mfereji mwingine wa ugonjwa ule ule, nalisikia. Chebet akaniletea habari kupitia kwa shangazi yangu kwamba wazee watakutana Jumamosi, na kwamba baba yake mdogo amesema atatoa neno lake baada ya kuingia jikoni kuona hicho kitu cha fundi kwa macho yake. Yeye kwa mama alikuwa shemeji. Aliweza kuingia atakapo. Siku hiyo hiyo Odera, akitafuta kiatu kilichopotea, aliinama chini ya kitanda changu akatoka na mfereji wake wa shaba. Nilikuwa nimemdanganya kwamba niliuweka. Hakupiga kelele. Aliuweka mezani, akakaa, akanitazama. "Kwa wakwe zako ulipeleka sura," akasema. "Kazi uliiacha hapa." Kisha akauliza siku ya soko kule kwao ni gani. Nikamwambia Alhamisi. "Basi Alhamisi wewe ni mgonjwa. Mimi nitaambia meneja."

Alhamisi nilipofika niliwaona kutoka majanini wakipita: Arap Rono na ng'ombe mmoja, Chebet na wadogo zake na mizigo ya kuku. Mama sikumwona, nikadhani ametangulia, nikangoja mpaka sauti zao zikaisha. Nilipanda kwanza kwenye pipa nililokuwa nimeliweka kule chemchemini, nikaziba tundu la bomba kwa kizibo cha mti, kisha nikashuka. Mlango wa jiko ulikuwa umeegeshwa tu. Nasema kweli, nimepanda minara ya matangi nikiwa sina kamba, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuvuka kizingiti kile. Ndani palikuwa na giza la moshi. Macho yalipozoea niliona kwanza kitambaa cha kichwa cha mama, cha maua, cha kwendea kanisani, kimefungwa shingoni mwa ule mfereji wangu unaong'aa, kimelowa na kuota ukungu. Chini yake sufuria. Kando ya sufuria, vyombo vinne vilivyojaa vinavyongoja kumwagwa. Ukuta ulikuwa umelowa kutoka tunduni mpaka chini, na udongo wake umeanza kuvimba. Mafiga mama alikuwa ameyahamisha kutoka mahali pake pa zamani hadi pembeni karibu na mlango, ambako upepo unarudisha moshi ndani. Alikuwa amechimba kijifereji sakafuni, chembamba, kimetandikwa mawe madogo, kinachopeleka maji nje chini ya migomba ambako hakuna mtu angeshuku. Yote hayo nilikuwa nimempa mimi. Nililia, naona haya kuandika, lakini nililia.

Ndipo kitu kikakohoa. Mama hakuwa ameenda sokoni. Alikuwa ameketi kwenye ngozi nyuma ya mlango, akimnyonyesha kwa chupa mwana-mbuzi aliyefiwa na mama. Alijivuta nguo usoni upesi, akageukia ukuta, nami nikageukia ukuta wangu, na tukabaki hivyo, migongo ikitazamana. Kisha akasema, polepole, kwa yule mwana-mbuzi: "Ewe, mwulize huyo aliyeingia kama amefunga maji kule juu. Asije akatugharikisha." Nikamwambia mbuzi kwamba maji yamefungwa. "Basi mwambie afanye kazi yake." Nikaufungua ule mfereji, ukakatikia mkononi mwangu kama muwa. Nikauweka wa Odera, nikazungusha katani, nikakaza. Nikamwambia mbuzi amwulize mama kwa nini hakusema. "Mwambie," akasema, "angejua Arap Sang, arusi ingekufa. Mtoto wangu amemtaka mtu mmoja. Mimi maji nimeyabeba miaka mingi, siwezi kushindwa kubeba matone." Mwana-mbuzi aliachia chupa akatutazama sote wawili. Nilikwenda juu, nikazibua, nikarudi hadi mlangoni tu. Mfereji ulikuwa kimya. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, mgongo wake kwangu. Halafu akasema, bila mbuzi, "Toka sasa, watakuja." Nilitoka mbio.

Jumamosi wazee walijaa uwanjani. Nilikaa kwenye kigoda changu, mgongo ukutani, kikombe mkononi, Chebet akiwa amesimama mbali na wasichana wenzake bila kunitazama. Siku mbili hazikutosha kukausha ukuta wa udongo, hasa kwetu ambako mvua hainyimi siku, na hilo nilikuwa nimelijua tangu Alhamisi. Arap Sang aliingia jikoni. Nilimsikia akifungua maji, akifunga, akifungua. Aligonga mfereji kwa kidole. Alikaa humo kwa muda mrefu kuliko kazi ya mfereji inavyotaka. Kisha akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mkutano: "Chombo ni kizuri, sikatai. Kimezeeka kidogo, lakini kizuri. Sasa niambieni, mbona ukuta umelowa mpaka chini? Maji haya yanapita wapi?" Wazee waligeuka kunitazama mimi. Nilijua neno la kusema. Lilikuwa fupi: niliweka kitu kibovu, nikaja kukibadilisha. Niliinua kichwa nilitamke, nikamwona Chebet, nikalimeza.

Sauti ikatoka ndani ya jiko, kubwa, ili wote wasikie. "Ukuta ni mimi, shemeji. Niliangusha ndoo. Jana niliangusha nyingine. Sijazoea maji ya karibu, mikono yangu imekuwa mizembe." Ilikuwa aibu kubwa kwa mwanamke wa umri wake kusema vile mbele ya wazee, yeye ambaye boma zima lilijua hamwagi hata maziwa ya kikombe. Kisha Arap Sang akapiga paja lake akacheka. "Wanawake! Mtu anamletea mto mpaka kitandani na bado anaumwaga!" Mzee mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima ukacheka, na Arap Sang akaja akanipa mkono na kuniita mkwe wetu kwa mara ya kwanza. Chebet alifunika uso. Ndani ya jiko hakukusikika wimbo wala kikohozi. Nami, kikombe mkononi, mgongo ukigusa ukuta ule wenye unyevu, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.